Kuchagua mnyumbuko wa shafti za weji ukiwa Mwanza: mizani, jiliwa na simu

Weji yangu ya kwanza, ile fimbo fupi ya gofu ya mapigo ya karibu, niliinunua kwa kibandiko. Ilikuwa ya mtumba, kichwa kimechakaa kiasi, lakini kwenye shafti, yaani ufito wa fimbo, kulikuwa na kibandiko kisicho na mchubuko hata mmoja, kimeandikwa X100, na nilishasikia kwamba hiyo ndiyo shafti ya wenye mikono mizito. Nililipa bila kubishana bei. Kwa miezi saba nilipiga mipira ya mita 40 ikaishia mita 30 au 52. Nililaumu mikono, nikalaumu nyasi, nikalaumu upepo wa ziwa. Mpaka siku moja niko Kisumu, kwenye viwanja vya Nyanza Golf Club, kedi aliyenibebea mkoba akanipa sendi weji yake iliyoota kutu shingoni. Nikapiga mipira mitatu, yote ikalala pamoja kama dagaa kwenye chanja. Akaitikisa ile yangu mara mbili, akanirudishia. "Boss, hii ni nondo. Peleka mjengo."

Naandika kwa ajili ya mtu aliye pale nilipokuwa mimi: anaishi Mwanza, yuko mbali na maduka yenye mashine za kupima fimbo, na fimbo zake zimetoka kwenye mitumba au zimeletwa na shemeji kutoka Dar. Utahitaji mizani ya kidijitali, jiliwa, simu inayochukua video ya mwendo wa pole, na asubuhi moja kwenye uwanja usio na watu.

Mnyumbuko, kwa asiyeujua, ni jinsi shafti inavyopinda na kurudi unapozungusha fimbo. Aliyewahi kusukuma mtumbwi kwa pondo la mti mbichi, kisha akashika la mti mkavu, ameshaelewa.

Hatua ya 1: Hesabu unavyozitumia weji zako

Usianze na shafti. Anza na daftari. Weji siyo fimbo moja: kuna pichingi (siku hizi uso wake umelala digrii 44 hadi 48), gepu (50 hadi 52), sendi (54 hadi 56) na lobu (58 hadi 60). Kwa kuwa kanuni haziruhusu zaidi ya fimbo 14 kwenye mkoba, wengi tunabeba tatu au nne. Katika raundi mbili zijazo, kila ukishika weji andika herufi moja: K kama umezungusha kamili, N kama umepiga nusu, robo au kijipigo cha kandokando ya kijani, yaani zile nyasi fupi zenye shimo.

Mimi nilipofanya hivyo, pichingi ilikuwa karibu yote K. Sendi nilikuwa nimeishika mara 23, na K zilikuwa nne tu. Daftari hilo lilinieleza zaidi ya muuzaji yeyote.

Sababu yake ni hii. Shafti inapinda kwa nguvu unayoiwekea. Ukizungusha kamili, unaipakia mzigo mkubwa, na shafti laini mno inaweza kuchelewesha au kuwahisha kichwa kiasi cha kutupa mpira kushoto, au kuupaisha juu kuliko ulivyotaka. Lakini pigo la mita 35 halina mzigo huo. Shafti ngumu kwenye pigo dogo haipindi vya kutosha, hivyo mikono haipati habari: hujui kichwa kiko wapi. Unapoteza vipimo vya umbali, na weji kazi yake ni umbali.

Hapa nikatize kidogo, maana kuna watu wananunua shafti wakitarajia muujiza. Mnyumbuko hauleti mzunguko mkubwa wa mpira. Mpira unaong'ata kijani na kusimama unatokana na mifereji safi ya uso wa fimbo, aina ya mpira, nyasi kavu na pigo lililokutana na mpira kwanza kabla ya udongo. Ukihamia shafti laini zaidi, mpira unaweza kupanda juu kidogo, basi. Na mchangani shafti haina la kusema. Gene Sarazen, aliyeipa sendi weji umaarufu na kushinda nayo The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, mwaka 1932, hakuhangaika na shafti. Alinenepesha kitako cha fimbo ili kiteleze mchangani badala ya kuchimba. Mchanga wa mwambao wetu unatokana na miamba ya matale, una chembe kubwa na nzito, na siku umelowa ni kama zege. Shida yako ikiwa ni mchanga, soma habari za kitako, acha shafti.

Hatua ya 2: Soma herufi, lakini usiziamini

Kwenye shafti nyingi utakuta herufi moja. L ni laini kabisa, A au M inafuata, kisha R, kisha S, kisha X iliyo ngumu kuliko zote. Baadhi ya kampuni hutumia namba: shafti ya Project X 5.5 iko maeneo ya R ngumu, 6.0 ni S, 6.5 inaelekea X. Kwenye shafti za Dynamic Gold, S200, S300 na S400 zote zina ugumu wa S. Namba inayofuata herufi inatofautisha uzito, na kwa gramu chache tu.

Halafu kuna shafti zilizoandikwa neno moja la Kiingereza, "Wedge", bila herufi. Hizo ndizo zinazokuja na weji nyingi za dukani. Mara nyingi ni chuma kizito, karibu gramu 130 kabla ya kukatwa, na ugumu wake uko karibu na S. Hakuna aliyekuuliza kama hilo ndilo unalolitaka.

Matatizo ya herufi ni mawili. La kwanza, hakuna kipimo kimoja ambacho kampuni zote zinakifuata. S ya huyu yaweza kuwa R ya yule. La pili unalijua kama umewahi kununua mtumba: kibandiko ni karatasi. Kile changu kipya juu ya shafti kuukuu kilipaswa kuniuliza swali. Nilipokuja kukibandua kwa kucha, chini yake kulikuwa na gundi ya kibandiko kingine. Kwa hiyo yachukulie maandishi kama uvumi, kisha nenda kwenye mizani.

Hatua ya 3: Pima uzito

Kama ningepewa kipimo kimoja tu, ningechagua hiki. Wachezaji wengi wanaolalamika kwamba shafti ni ngumu wanasumbuliwa na uzito wake.

Mizani ya gengeni haitoshi, inaruka gramu 20 kwa 20. Tumia ile ya wapika keki, inayosoma gramu moja moja. Mimi nilianza kwa sonara, na mji huu unaopitisha dhahabu ya Geita hauna uhaba wa mizani ya kuaminika. Alicheka sana kuona fimbo ya gofu ikiwekwa palipozoea pete, ila alinipimia zote tano bila kunitoza hata shilingi. Hakikisha kwanza kwamba mizani inabeba hadi nusu kilo na zaidi. Weka bakuli juu yake, bonyeza irudi sifuri, kisha laza fimbo ikae kwa usawa bila kugusa meza wala ukuta.

Pima tatu: chuma namba 7 (fimbo ya kati katika zile ziitwazo vyuma), pichingi na sendi. Kwa kawaida vichwa huongezeka uzito kama gramu 7 kwa kila fimbo unavyoshuka kwenda kwenye fimbo fupi. Sendi yenye shafti nzito ya chuma na mshiko wa kawaida hukaa karibu na gramu 465 hadi 475. Zangu zilisoma hivi: namba 7 gramu 409, pichingi 424, sendi ile ya nondo 471. Angalia huo mruko wa mwisho. Kichwa cha sendi huwa kizito kuliko cha pichingi kwa gramu 10 hadi 20. Gramu zilizobaki, karibu 30, zilikuwa shafti. Yaani nilikuwa natembea na vyuma vyenye shafti za gramu 95, kisha napofika pale mguso unapohitajika zaidi, nashika kitu kingine kabisa.

Kipimo ninachokifuata sasa: shafti ya weji iwe na uzito sawa na za vyuma vyako, au izidi kwa gramu 15 hivi. Uzito kidogo wa ziada unatuliza mikono yenye haraka. Ukipita 20 unaanza kubadili mwendo wako mwenyewe ili uitosheleze fimbo.

Hili linawaumiza zaidi wazee na akina mama wanaopiga vyuma vyenye shafti za grafaiti, yaani nyuzi nyepesi za kaboni. Nina rafiki mstaafu wa Isamilo, shikamoo yake ninaitoa hata kwa simu, ambaye vyuma vyake vina grafaiti ya gramu 65, lakini aliletewa zawadi ya weji mpya yenye chuma cha gramu 130. Alikuwa akichimba udongo kila pigo, akaamini ni umri. Tulipompatia weji yenye shafti ya grafaiti ya gramu 80, uchimbaji ulipungua siku hiyo hiyo. Kama vyuma vyako ni grafaiti, weji zako nazo ziwe grafaiti. Hakuna sheria inayosema weji lazima iwe ya chuma.

Hatua ya 4: Jiliwa na simu

Uzito ukishaujua, sasa pima ugumu wenyewe. Maduka makubwa yana mashine inayohesabu fimbo inatetemeka mara ngapi kwa dakika. Shafti ngumu hutetemeka haraka, laini hutetemeka polepole. Unaweza kupata jibu la kufaa kwenye karakana yoyote ya Nyakato yenye jiliwa iliyofungwa imara.

Zungushia mshiko kipande cha mpira wa ndani wa tairi, uubane kwenye jiliwa kwa sentimita 13 kutoka mwisho wake. Ubane sawasawa, lakini kama shafti ni grafaiti usikaze kama unabana bomba la maji; inapasuka kimya kimya. Weka alama ya chaki kwenye taya za jiliwa ili kila fimbo ikae mahali pamoja. Vuta kichwa pembeni kama sentimita 10, achia, huku simu ikichukua video ya mwendo wa pole kwa picha 240 kwa sekunde.

Ukiicheza video hiyo, simu nyingi huionyesha ikiwa imepunguzwa mwendo mara nane. Hesabu kichwa kikienda na kurudi mara 10, uangalie zimepita sekunde ngapi za video. Zikiwa 16, basi kwa kweli zilikuwa sekunde 2, yaani mitetemo 300 kwa dakika. Zikiwa 16.5, ni kama 291. Tofauti ya mitetemo 10 hivi huhesabiwa kuwa daraja moja la ugumu, tuseme kutoka R kwenda S. Kwa hiyo nusu sekunde ya video si jambo dogo. Rudia kila fimbo mara tatu na uchukue wastani.

Usilinganishe namba zako na za mtu mwingine. Jiliwa yake siyo yako. Linganisha fimbo zako zenyewe. Fimbo fupi yenye ugumu ule ule hutetemeka haraka zaidi, takriban mitetemo 4 kwa kila nusu inchi ya ufupi. Kama namba 7 imesoma 300, pichingi iliyo fupi kwa inchi moja na robo hivi inatarajiwa karibu 310. Sendi ikisoma 310 pia, au chini kidogo, hiyo imelainika ikilinganishwa na mfululizo wake. Ikisoma 325, umeshika nondo.

Kama huna jiliwa kabisa, kuna njia ya kienyeji: shika mshiko kwa mkono mmoja, ncha ya kichwa ikae sakafuni, sukuma katikati ya shafti kwa kiganja, kisha fanya hivyo hivyo na fimbo nyingine. Inatofautisha X na R. Haitofautishi S na R, usidanganyike.

Hatua ya 5: Amua

Sasa unahitaji kujua kama vyuma vyako vyenyewe vinakufaa. Chukua umbali wa mpira wa namba 7 ukiwa hewani, siyo pale ulipoishia baada ya kubingirika. Chini ya mita 120 hivi, R au laini zaidi. Kati ya 120 na 137, R. Kutoka 137 hadi 155, S. Zaidi ya hapo ndipo unaweza kuizungumzia X. Ni makadirio; mtu mwenye mwendo wa ghafla kutoka juu kuja chini hupenda shafti ngumu kidogo kuliko umbali wake unavyosema, na mwenye mwendo wa taratibu kinyume chake.

Kumbuka pia tuko juu. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira wa namba 7 unaweza kwenda mita tano zaidi ya unavyokwenda Dar. Nimewaona wenzangu wakijitangazia S kwa sababu ya mita hizo tano. Zitoe kwanza.

Baada ya hapo:

Pichingi, na gepu kama ni sehemu ya seti, zibaki na shafti ile ile ya vyuma. Unazipiga kamili, ni vyuma tu vyenye jina lingine. Ukibadilisha shafti hapo unavunja ngazi katikati.

Sendi na lobu zifuate daftari lako la hatua ya kwanza. N zikizidi sana, shuka daraja moja la ugumu, na uzito ubaki ule ule au uongezeke kidogo. Vyuma vikiwa S, sendi iwe R nzito au S laini. Vyuma vikiwa R, baki R. Kushuka hadi A kwenye weji nimejaribu, na pigo kamili la mita 80 lilianza kuyumba. Kama wewe ni wa kupiga sendi kamili kila shimo, usishuke.

Anayeona aibu kushuka daraja amtazame Tiger Woods. Kwa miaka mingi vyuma vyake vimekuwa na X100, na weji zake S400: laini kidogo, nzito kidogo. Kama yeye mwenye kasi ile ameona X haifai kwenye weji, mimi wa mita 130 nilikuwa nafanya nini nayo?

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kulipa, au kabla ya kukata

Azima fimbo yenye shafti unayoifikiria. Nenda kwenye nyasi fupi asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza. Kufikia saa tano mchana matokeo yako yatakuwa ya upepo. Mimi natumia uwanja wa mpira wa shule, kwa ruhusa, siku za likizo. Tandika kanga tatu kwa hatua 20, 40 na 60. Piga mipira 10 kwa kila kanga kwa fimbo ya zamani, kisha 10 kwa ya kuazima, ukibadilisha fimbo kila baada ya mitano ili uchovu usiipendelee mojawapo. Mipira iwe ya aina moja. Hapa ndipo majaribio mengi yanapoharibika: mtu anachanganya mpira mgumu wa bei rahisi na ule laini wa mashindano, halafu anaisifu shafti.

Usipime ya kulia na kushoto. Pima mbele na nyuma: kutoka mpira uliotua karibu zaidi mpaka uliotua mbali zaidi. Kwa kanga ya 40, ile nondo yangu iliniachia nafasi ya hatua 19. R ya kuazima iliniachia 11. Kwa kanga ya 60 tofauti ilipungua, 17 kwa 14. Ukikuta tofauti ya hatua moja au mbili tu, hiyo siyo tofauti. Tunza hela yako, nunua mshiko mpya.

Hatua ya 7: Kwa fundi

Ukiamua kubadili, njia ya bei nafuu ni kutumia shafti ya chuma kirefu zaidi kutoka seti iliyovunjika. Shafti iliyotengenezewa namba 8 ukiiweka kwenye sendi na kuikata upande wa mshiko kufikia urefu unaotakiwa, inakuwa laini kidogo kuliko ile ya sendi. Kukata upande wa ncha hufanya kinyume, huikakamaza, na shafti iliyochongoka nchani haikatwi huko kabisa.

Kabla ya kununua, pima ncha kwa kalipa. Zipo za milimita 9.0 na za 9.4, na shingo ya kichwa lazima ilingane. Kubwa haiingii kwenye shingo ya ndogo. Ndogo kwenye shingo kubwa inacheza, na siku moja kichwa kinaruka kuliko mpira.

Mtafute fundi mwenye subira, siyo mwenye moto. Wa kwanza niliyempelekea alitazama, akauliza kama achomelee kwa umeme au gesi. Kichwa hakichomelewi. Kinapashwa taratibu shingoni mpaka gundi ilegee, kinavutwa bila kupindishwa, kinasafishwa ndani mpaka chuma king'ae, ncha ya shafti inakwaruzwa kwa msasa, kisha vinaunganishwa kwa gundi ya epoksi ya kuchanganya sehemu mbili, ile inayokauka polepole. Shafti ya grafaiti hata moto huo mdogo unaweza kuiunguza ikipindishwa wakati wa kuvutwa.

Mwambie pia urefu kwa sentimita, umwandikie. Sendi ya kawaida ni karibu sentimita 89.5. Akikata sentimita moja na robo zaidi, kichwa kitaonekana chepesi mkononi na shafti itajihisi ngumu tena, nawe utakuwa umerudi ulikotoka kwa gharama yako.

Iache ilale siku nzima, ikiwa imesimama, mbali na watoto. Kesho yake, kabla ya kupiga mpira wowote, irudishe kwenye mizani na kwenye jiliwa, na uandike namba mpya kwa kalamu ya wino usiofutika chini ya mshiko, pale ambapo vibandiko havifiki.